Atomu ya kidato cha pili ilishakufa 1926, kwa nini bado inachorwa?

#1 Kibatari
Wakuu, salaam.

Hoja yangu ni fupi. Ule mchoro wa atomu anaoujua kila aliyepita kidato cha pili, kiini katikati na elektroni zinazunguka kwenye maduara, ni wa Niels Bohr, mwaka 1913. Miaka kumi na tatu tu baadaye, 1926, Erwin Schrödinger akaleta mlinganyo wake wa mawimbi na yale maduara yakaondoka. Leo mtoto bado anapewa bikari achore duara. Akifika kidato cha tano anaambiwa "yale sahau". Ni somo gani lingine ambalo mtu anafundishwa kitu kilichobatilishwa karibu miaka mia, kisha anatahiniwa nacho kitaifa? Mimi nasema ni uvivu wa watunga mitaala. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache mlangoni.

#2 Mpiga_Debe
Siti ya dirishani hapa. Wajuzi njooni.

#3 Ticha wa Kemia
Mleta mada, umechanganya njia na maganda. Kilichokufa 1926 ni njia, yaani lile wazo kwamba elektroni ina barabara yake ya duara unayoweza kuifuata hatua kwa hatua. Maganda yapo na yanapimika. Chukua sodiamu. Kuing'oa elektroni ya kwanza unahitaji kilojuli 496 kwa moli. Ya pili inataka 4,562, mara tisa zaidi! Huo mruko ndio 2,8,1, yaani idadi ya elektroni ganda kwa ganda kuanzia ndani. Ile moja ya nje inatoka kirahisi, ukigusa zile nane za ndani unakutana na ukuta. Schrödinger hakuufuta ukuta huo, mlinganyo wake wenyewe unautoa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika 2,8,1 hajadanganywa. Duara tu ndilo lenye uongo.

#4 Kibatari
Ticha, asante kwa ushindi. "Duara tu ndilo lenye uongo." Na mwanafunzi anaambiwa achore nini? Duara.

#5 Fundi_Pampu
Nyie wa vitabu mnagombania nani alifikiri nini. Mimi ni fundi wa majokofu, kunyonya hewa kwenye mabomba ndiyo kazi inayonilisha, na nasema modeli za atomu zilibadilishwa na pampu, falsafa zenu zilifuata nyuma.

1883 Heinrich Hertz alijaribu kupinda mionzi ya kathodi (ile inayotoka kwenye ncha hasi ndani ya bomba) kwa umeme, ikagoma. Akaamini haina chaji. 1897 J.J. Thomson, pale maabara ya Cavendish, Cambridge, akarudia jaribio lilelile na mionzi ikapinda. Tofauti ni nini? Bomba la Thomson lilinyonywa hewa vizuri zaidi. Gesi iliyobaki kwenye bomba la Hertz ilikuwa inapitisha umeme na kuzima nguvu za zile bamba mbili. Ndiyo hivyo tu. Ukinyonya vizuri unapata elektroni, ukinyonya vibaya unapata nadharia.

Na bomba lenyewe Thomson hakulitengeneza. Jamaa alikuwa na mikono mizito, wenzake walipenda akae mbali na vyombo vya kioo. Aliyepuliza vioo ni msaidizi wake, Ebenezer Everett. Nani hapa ameshawahi kuliona jina hilo kwenye kitabu cha shule?

#6 Mpiga_Debe
Fundi leo kaamka na gesi kamili 😂 Kumbe kule kwenye fremu ya majokofu kuna Cavendish ndani.

#7 Mbishi_Halali
Fundi ana nusu ya ukweli. Pampu ilimpa Thomson chembe nyepesi sana (leo tunajua elektroni ni nyepesi kuliko protoni takriban mara 1,836). Lakini modeli yake ya 1904, ile ya elektroni zilizopachikwa ndani ya tufe la chaji chanya, haikutoka kwenye bomba lolote. Ilikuwa hesabu tupu: alitafuta elektroni zijipange vipi kwenye pete ili zitulie zisisambaratike. Na mwaka huohuo wa 1904, Hantaro Nagaoka kule Japani akaleta atomu yenye kitu kizito katikati na pete ya elektroni kuzunguka, mfano wa Zohali na pete zake. Taarifa walizonazo zilikuwa zilezile, picha zikatoka mbili. Hapo pampu iliamua nini?

Halafu kuna hii ya keki yenye zabibu tunayoimbishwa. Hilo ni jina la utani lililotoka kwa wengine. Thomson mwenyewe aliandika tu juu ya tufe lenye chaji chanya iliyoenea sawasawa.

#8 Hamadi wa Unguja
Assalaam alaykum. Mimi sina ugomvi na duara wala pampu. Nauliza kwa nini hadithi hii kila siku inaanzia Ugiriki kwa Democritus, kisha inaruka zaidi ya miaka elfu mbili hadi Dalton, utadhani katikati dunia ilikuwa imelala. Wanazuoni wa kalam (elimu ya itikadi ya Kiislamu) kule Basra na Baghdad walibishana karne na karne juu ya al-juz' alladhi la yatajazza, ile sehemu ndogo isiyogawanyika tena. Wafuasi wa Abul-Hasan al-Ash'ari, al-Baqillani akiwa mmoja wao, walisema kila kiwiliwili kimejengwa nazo. Al-Nazzam alikataa. Ibn Sina akakataa kwa hoja za jiometri: ukiiweka moja kati ya mbili, upande unaogusa hii ni uleule unaogusa ile? Kama ni pande mbili, basi imeshagawanyika. Na Wahindi walikuwa na Kanada na skuli ya Vaisheshika. Haya hayana hata mstari mmoja kwenye vitabu vya watoto wetu.

#9 Ticha wa Kemia
Sheikh Hamadi, hoja ya Ibn Sina ni tamu na nitaitumia darasani. Ila kuna sababu Dalton anaanzisha somo la kemia. Wote uliowataja, na Democritus pamoja nao, walijenga atomu kwa hoja. Dalton aliileta kwenye mizani. Kuanzia 1803 pale Manchester akatengeneza jedwali: hidrojeni 1, nyingine zote zilinganishwe nayo. Ukiweza kusema atomu hii ni nzito mara ngapi kuliko ile, unaweza kukosolewa kwa kupima. Ibn Sina na Ash'ari hakuna mizani ambayo ingewaamua.

#10 Hamadi wa Unguja
Na huyo mwenye mizani alipata ngapi kwa oksijeni?

#11 Ticha wa Kemia
7 😅 Kwenye kitabu chake cha 1808. Inayotakiwa ni 16. Sehemu ya kosa ni kwamba aliamini maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja, badala ya mbili kwa moja. Wanakemia walihangaika na uzito wa atomu nusu karne, hadi mkutano wa Karlsruhe 1860, Stanislao Cannizzaro alipowarudisha kwenye wazo la Avogadro la 1811 ambalo walilipuuza. Ndiyo maana nasema mizani: kosa la Dalton lilionekana kwa sababu lilikuwa na tarakimu.

#12 Hamadi wa Unguja
Kwa hiyo mwenye kosa lenye tarakimu anaingia kitabuni, mwenye hoja safi isiyo na tarakimu anabaki nje. Nimeelewa utaratibu.

#13 Nyanya_Chungu
Hamadi kamkaba Ticha shingo 😂

Nami niongeze. Hata baada ya Dalton, wakubwa wengi wa fizikia hawakuamini atomu zipo kweli, waliziona hesabu tu za kurahisisha kazi. Ernst Mach wa Vienna alikuwa anamuuliza mtu anayetaja atomu: umeiona hata moja? Ludwig Boltzmann aliyezitetea maisha yake yote walimsakama hadi akajiua 1906, miaka michache kabla dunia haijamkubali.

#14 Mbishi_Halali
Dada, hapo kwa Boltzmann polepole. Alijiua kweli, Septemba 1906 kule Duino, lakini alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, anapanda na kushuka kihisia, macho yanaisha, pumu juu yake. Kusema Mach ndiye aliyemuua ni riwaya. Mabishano yalimchosha, sawa, ila hatujui kilichokuwa kichwani mwake siku ile.

Aliyewafunga midomo wapinzani ni Jean Perrin, Mfaransa. Einstein 1905 alikokotoa jinsi vipunje vilivyo majini vinavyopaswa kutikisika vikigongwa na molekuli, Perrin akakaa na hadubini kuanzia 1908 akivihesabu. Hesabu zikakubaliana. Wilhelm Ostwald, kigogo wa kemia, akasalimu amri. Mach hakubadilika kwa dhati.

#15 Nyanya_Chungu
Mgonjwa anayesakamwa anaumia mara mbili. Mimi msimamo wangu uko palepale.

#16 Msafiri_254
Sasa nyinyi, mmefika 1908 na hakuna mtu amemtaja Rutherford! Hapa Kenya hiyo ndiyo hadithi mwalimu wetu wa fizikia alikuwa anapenda kabisa. Manchester, 1909. Hans Geiger na kijana Ernest Marsden, bado mwanafunzi wa digrii ya kwanza, wanapiga chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Wanakaa gizani mpaka macho yazoee, halafu wanahesabu vimulimuli kwenye kioo chenye salfaidi ya zinki, kimoja kimoja, kwa macho. Kulingana na Thomson chembe zote zingepita na kuyumba kidogo tu. Lakini moja kati ya 8,000 inarudi nyuma! Rutherford alisema ni kama umefyatua kombora la inchi kumi na tano kwenye karatasi ya shashi na likarudi likakupiga. Ikabidi 1911 aseme karibu uzito wote uko kwenye kitu kimoja kidogo sana katikati.

Kidogo vipi? Atomu ikiwa kubwa kama uwanja wa Kasarani, kiini ni punje ya choroko pale katikati. Kwingine kote, hakuna kitu.

#17 Mbishi_Halali
Marekebisho matatu, usinichukie.

Kwanza, ile moja kwa 8,000 ya ripoti ya 1909 ilikuwa ya platini. Dhahabu walipima pia, ila hiyo namba maarufu si yake.

Pili, choroko yako ni ya hidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja. Dhahabu ina kiini kikubwa zaidi, kwa uwanja huohuo weka gololi.

Tatu, kati ya 1909 na 1911 kuna karibu miaka miwili. Vitabu vinaandika utadhani Rutherford aliona, akashtuka, akachora kiini jioni ileile. Hata kwenye karatasi yake ya 1911 hakuamua kama chaji ya katikati ni chanya au hasi, maana hesabu ya kutawanyika inatoa jibu lilelile kwa zote mbili. Na humo alimtaja Nagaoka.

#18 Msafiri_254
Choroko ama gololi, uwanja bado ni mtupu.

#19 Fundi_Pampu
Msisahau fundi tena. Kabla ya hiyo dhahabu, Rutherford alihitaji kuthibitisha kwamba chembe za alfa ni heli. Mpuliza vioo wake, Otto Baumbach, akatengeneza kibomba chenye ukuta mwembamba kiasi kwamba alfa zinapita na gesi haipiti. Bila mdomo wa Baumbach hakuna jaribio. Narudia: pampu na vioo.

#20 Kibatari
Fundi, nakupa Thomson na Rutherford. Ila pampu gani ilimpa Bohr maganda?

#21 Mbishi_Halali
Hapo ndipo nilipokuwa nangojea. Atomu ya Rutherford kwa sheria za fizikia za wakati ule haiwezi kuwepo. Elektroni inayozunguka inapaswa kutoa mwanga, ikitoa mwanga inapoteza nishati, ikipoteza nishati inazama kwenye kiini. Ukipiga hesabu, hidrojeni inakwisha kwa muda wa chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mimi na wewe tusingekuwa hapa kubishana.

Bohr alikuwa Manchester 1912 kwa Rutherford, akaondoka na tatizo hilo. Mwanzoni mwa 1913 mwenzake mmoja, Hansen, akamuuliza nadharia yake inasemaje kuhusu mistari ya mwanga wa hidrojeni. Bohr akaenda kuangalia fomula ya Johann Balmer ya 1885. Balmer alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana Basel (Ticha, simama kidogo upigiwe makofi), aliyekaa na namba za mistari ya hidrojeni, nanomita 656, 486, 434, 410, akapata fomula inayozitoa zote bila kujua kwa nini. Bohr alipoiona, kila kitu kikakaa mahali pake: elektroni inaruhusiwa viwango fulani tu vya nishati, ikiruka kutoka cha juu kwenda cha chini inatoa mwanga wa rangi moja.

Kwa nini hairuhusiwi katikati? Hakujibu. Aliamuru tu. Watu walikasirika.

#22 Nyanya_Chungu
Na kwa nini walimkubali mtu anayeamuru?

#23 Mbishi_Halali
Kwa sababu ya tarakimu nne. Kulikuwa na mistari ya mwanga iliyodhaniwa ni ya hidrojeni, Bohr akasema ni ya heli iliyopoteza elektroni moja. Alfred Fowler wa London akampinga: nadharia yako inataka uwiano wa 4 kamili kati ya heli hiyo na hidrojeni, vipimo vinasema 4.0016. Bohr akajibu, nilichukulia kiini kimesimama tuli, kumbe nacho kinayumba kidogo kwa sababu uzito wake una mwisho. Akapiga upya: 4.00163. Einstein aliposikia habari za heli, akaona basi, hili ni jambo kubwa.

Kibatari, ndiyo maana mimi siungani nawe moja kwa moja. Modeli iliyotoa namba ya namna hiyo haiwezi kuitwa uongo wa watunga mitaala.

#24 Kibatari
Iliyotoa namba hiyo kwa atomu yenye elektroni MOJA. Heli ya kawaida yenye mbili iliishinda. Kwa nini mstari huu unang'aa na ule umefifia, ikashindwa. Na hata kwa hidrojeni yenyewe: Bohr anasema elektroni kwenye ganda la chini kabisa ina mzunguko wenye kipimo kamili kimoja, Schrödinger anasema sifuri, na vipimo viko na Schrödinger. Haizunguki! Sasa unamchorea nini mtoto mshale wa kuzunguka?

#25 Ticha wa Kemia
Na bado ukimuuliza Schrödinger elektroni hiyo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa umbali gani kutoka kwenye kiini, anakujibu nanomita 0.053, ileile nusu kipenyo ya Bohr. Msitupe mtoto... naona nanyamaza, mleta mada atasema nimempa ushindi tena.

#26 Kidato_Cha_Tano
Samahanini wakubwa, shikamooni. Mimi ndiyo nasoma haya sasa hivi. Potasiamu 2,8,8,1. Kalsiamu 2,8,8,2. Kidato cha pili tuliishia hapo, namba 20. Juzi nikauliza skandiamu namba 21 ni 2,8,8,3? Nikaambiwa ni 2,8,9,2. Kwa nini ganda la tatu lifungwe, lifunguliwe la nne, halafu turudi tena la tatu?

#27 Mpiga_Debe
Marahaba. Dogo kaja na bomu 😂 sasa mtajua kwa nini silabasi iliishia 20.

#28 Ticha wa Kemia
Marahaba mwanangu. Ganda la tatu lina vyumba: 3s, 3p na 3d. Vya s na p vikijaa unapata 8. Chumba 4s kina nishati ndogo kuliko 3d kwa potasiamu na kalsiamu, kwa hiyo hujazwa kwanza. Kikishajaa ndipo 3d huanza kupokea, na hiyo ni skandiamu. Bohr wa maduara hawezi kukueleza hili, kwa sababu duara halina vyumba.

#29 Mbishi_Halali
Ticha, hilo jibu linapita kwenye mtihani lakini lina tundu. Kama skandiamu ilijaza 4s kwanza kwa sababu ni rahisi, ukiing'oa elektroni mbili ingebaki ile ya 4s, si ndiyo? Inabaki ya 3d. Kwa skandiamu yenyewe 3d tayari iko chini. Ila zikiwekwa nyingi pale zinasukumana kwa sababu pamebanana, kwa hiyo kwa jumla inakuwa nafuu mbili zikae 4s. Wataalamu wa kemia wamelumbana juu ya namna ya kulifundisha hili, na vitabu vingi bado vinaandika kama ulivyoandika wewe.

#30 Ticha wa Kemia
Mbishi, mtoto ana mtihani. Akijibu hayo ya kwako msahihishaji atadhani amechanganyikiwa.

#31 Kibatari
NAOMBA MODS WAIPIGE PINI HIYO #30.

#32 Mtoto wa Likasi
Jambo wote. Mimi ni wa Katanga. Munasema Manchester, Cambridge, Copenhagen, lakini hamusemi vitu vyao vilitoka wapi. Shinkolobwe, yale machimbo ya urani, iko karibu na kwetu. Radi (ile elementi ya radiamu) ya kutoa chembe za alfa ilitoka kwenye mawe ya hapo, na baadaye urani ya bomu la Hiroshima, nyingi ilikuwa ya kwetu. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alipeleka zaidi ya tani elfu moja New York 1940, ikakaa ghalani mpaka Wamarekani wakaja kuitafuta. Hakuna mchoro wa atomu wenye jina la mchimbaji wa Likasi.

#33 Mbishi_Halali
Ndugu wa Likasi, ya urani na Sengier ni sahihi kabisa. Ila Rutherford wa 1911 hakutumia radi ya Kongo. Yake aliazimwa na chuo cha sayansi cha Vienna, imetoka machimbo ya Joachimsthal. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa 1915, na kuchimbwa kwa ajili ya radi kulianza 1921. Baada ya hapo ndiyo, Wabelgiji walilishika soko la dunia.

#34 Mtoto wa Likasi
Sawa, 1911 hapana. Nyutroni je? Hiyo ni 1932, soko liko mkononi mwa Wabelgiji.

#35 Fundi_Pampu
Hiyo naijua. James Chadwick alitumia poloni aliyoipata kwenye vibomba vya radoni vilivyokwisha kazi, kutoka hospitali moja ya Baltimore iliyokuwa ikitibu saratani. Takataka za hospitali! Akapiga beriliamu, ikatoa kitu kisicho na chaji chenye uzito karibu sawa na protoni. Akina Joliot-Curie kule Paris walikuwa wameona matokeo ya aina hiyohiyo wiki chache kabla, wakadhani ni mionzi ya gama. Nyutroni ikawapita mikononi. Radi ya ile hospitali ilichimbwa nchi gani, hapo waulizwe wenye risiti.

#36 Nyanya_Chungu
Nimwongeze mmoja anayesahaulika kwa sababu nyingine. Henry Moseley. 1913 na 1914 alipima eksirei za elementi moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba kila elementi ina namba yake halisi, chaji ya kiini, na siyo nafasi tu kwenye orodha. Akaonyesha mapengo pia: 43, 61, 72, 75. Yote yakaja kujazwa. 72 ilipatikana Copenhagen 1923. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli Agosti 1915, ana miaka 27. Ukiniuliza mimi, Bohr na Rutherford walikuwa na picha, Moseley ndiye aliyezifanya picha hizo ziaminike kwa elementi zote na siyo hidrojeni peke yake.

#37 Msafiri_254
RIP. Namba ya atomiki tunaitumia kila siku na jina lake hatulijui.

Swali langu: sasa hilo wingu la Schrödinger lililochukua nafasi ya maduara ni kitu gani? Elektroni imetapakaa ama iko mahali pamoja tusipopajua?

#38 Mbishi_Halali
Schrödinger mwenyewe alitaka iwe imetapakaa. Max Born mwaka huohuo 1926 akasema hapana, wingu ni uwezekano wa kuikuta ukipima, na hilo ndilo linalofundishwa. Louis de Broglie alitaka chembe halisi inayoongozwa na wimbi, akaliacha, David Bohm akalifufua 1952 na hesabu zinatoka zilezile. Kuna na wengine. Nani kapatia? Vipimo vya kawaida haviwatenganishi.

#39 Hamadi wa Unguja
Subhanallah. Yaani mmerudi kwenye hoja zisizo na mizani ya kuziamua. Karibuni Basra.

#40 Mpiga_Debe
😂😂😂 Ustadh alikuwa anavizia tangu #12

#41 Nyanya_Chungu
Hiyo ya chembe au wimbi ilimalizwa kifamilia. J.J. Thomson alipata Nobel 1906, na elektroni yake ilikuwa chembe. Mwanaye George akapata Nobel 1937 kwa kuonyesha elektroni ni wimbi. Baba alikuwa bado hai. Nyumba hiyo chakula cha jioni kilikuwaje?

#42 Ticha wa Kemia
Kibatari, kabla hujalizika ganda moja kwa moja, kuna Maria Goeppert Mayer. 1949 alionyesha kwamba ndani ya kiini chenyewe protoni na nyutroni nazo zina maganda. Viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126 vinatulia kuliko jirani zao. Alipata Nobel 1963. Kabla yake kiini kilichukuliwa kama tone la kimiminiko, na modeli hiyo ya tone haijatupwa, ndiyo iliyotumika kueleza jinsi urani inavyopasuka. Leo wanafizikia wanatumia zote mbili kwa kiini kilekile, kutegemea wanachouliza.

#43 Kibatari
Wanafizikia wanajua wanatumia mbili. Mtoto wa kidato cha pili haambiwi kama ni mbili. Tofauti iko hapo, Ticha.

#44 Msafiri_254
Kuna mtu ataniambia kuhusu ile picha ya atomu zilizoandika IBM? Pale zinaonekana kama vinundu, hakuna pete wala wingu.

#45 Fundi_Pampu
1989, California. Don Eigler alisogeza atomu 35 za zenoni juu ya nikeli akaandika herufi tatu. Chombo ni kile cha Binnig na Rohrer cha 1981, Zurich: sindano yenye ncha kali inapita juu ya uso bila kugusa, mkondo mdogo wa umeme unavuka pengo, kompyuta inachora. Kwa hiyo vinundu ni ramani ya mkondo huo. Na yote ndani ya OMBWE, baridi karibu na sifuri kabisa. Pampu hiyo.

#46 Mpiga_Debe
Fundi hashindwi leo.

#47 Mbishi_Halali
Basi mkimaliza ya atomu nzima mjue hata choroko ya Msafiri ina kesi. Upana wa protoni ulikuwa unajulikana, nusu kipenyo karibu femtomita 0.88. 2010 kundi moja kule Uswisi likapima kwa kutumia muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) badala ya elektroni, ikatoka 0.84. Watu wakaanza kuota fizikia mpya. Vipimo vingi vilivyofuata vimeegemea 0.84, vingine havikuegemea.

#48 Msafiri_254
Kwa hiyo choroko imepungua asilimia nne na hakuna aliyekula.

#49 Kidato_Cha_Tano
Asanteni wakubwa. Ila skandiamu niandike lipi?

#50 Ticha wa Kemia
Langu.

#51 Mbishi_Halali
Lake, halafu njoo inbox.